Mji na Vyote Vilivyomo

Jumatano moja ya Julai 1998, saa nne asubuhi, Teodora alikuwa kwenye kibaraza cha duka la vitambaa pale Mabatini, akipinda sketi za shule kwa cherehani, Gladness alipokuja na karatasi mkononi. Gladness alikuwa akisafisha vyumba katika nyumba moja ya wageni karibu na stesheni. Mzungu aliyelala chumba namba sita alikuwa ameondoka na kuiacha karatasi hiyo chini ya kitanda. Ilikuwa ya kung'aa, imekunjwa mara tatu, imejaa picha.

"Nimesema hii siitupi," alisema Gladness. "Hebu tazama hapa ndani. Si mama yako huyu?"

Teodora akaondoa mguu kwenye kanyagio. Picha ilionyesha ghala la mawe na wanawake walioketi sakafuni, wakitenga pamba safi na pamba fifi, ile iliyochafuka. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Getruda, mama yake, aliyefariki Machi 1989 kwa ugonjwa wa kifua. Teodora hakulijua gauni alilovaa mama yake. Uso ulikuwa wake, na sikio lililochanika tundu la hereni lilikuwa lake.

"Ndiye," alisema.

"Kanenepa kidogo."

"Ni gauni hilo. Limekatwa vibaya mabegani."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Mwenye duka, aliyefika kidato cha nne, aliwatafsiria kwamba wageni walikaribishwa Nyabusenga, mji wa kale wa bandari kando ya ziwa, wakaone watu wale wale wakifanya kazi ile ile. Kila siku isipokuwa Jumatatu.

Nyabusenga ndiko Teodora alikozaliwa. Ulikuwa mji mdogo ng'ambo ya Busisi, wenye maghala manne ya mawe, zahanati, baraza la mahakama na gati ambalo meli za zamani zilikuwa zikipakia marobota ya pamba. Kiwanda kilifungwa, maduka yakafuata, na mwaka 1996 mji ukauzwa kwa mwekezaji. Teodora alizisikia habari hizo redioni akiwa kazini. Alidhani zilihusu kuta na mabati.

Alimaliza sketi zilizobaki, kisha Jumamosi akasafiri. Alipanda basi la kupitia Usagara hadi Kigongo, akavuka kwa kivuko, na kutoka Busisi akapata nafasi nyuma ya pikapu iliyobeba kreti za soda za watalii. Mji ulikuwa umezungushiwa seng'enge. Langoni palikuwa na kibanda cha tiketi, na mbele ya kibanda alisimama mlinzi aliyevaa kaki, kofia na buti mpya. Alikuwa Ngosha, mdogo wake.

"Karibu mgeni," alisema Ngosha.

"Ngosha, ni mimi."

"Nakuona. Wewe ni mtalii au mwenyeji?"

"Si unajua nimezaliwa hapa?"

"Hilo silo nililouliza. Wenyeji wanaingia kwa mlango wa nyuma, na hawatoki kabla ya saa kumi na moja jioni. Watalii wanakata tiketi."

Teodora akakata tiketi. Ngosha akaichana upande, akampa kipande, kisha akampekua mkoba kama alivyopekua mikoba ya wengine, akatoa chupa ya maji na mkate.

"Chakula hakiingii," alisema. "Kuna hoteli ndani."

Aliyewatembeza aliitwa Amondi, msichana wa Kijaluo kutoka upande wa Mara, mwenye cheti cha utalii na fimbo yenye kibendera. Kundi lilikuwa na Wazungu watano, bwana na bibi mmoja kutoka Dar es Salaam waliokuwa likizoni, na Teodora. Kabla ya kuanza aliwasomea masharti. Kamba zisivukwe. Wahusika wasipewe chakula wala nguo. Waliofariki wasiulizwe habari za kufa kwao, maana maswali hayo yanawachelewesha kazi.

"Tutawatambuaje waliofariki?" aliuliza bibi wa Dar.

"Walio hai wana vitambulisho kifuani," alisema Amondi. "Wao wana haki ya likizo."

Walipita zahanati, ambako mganga Antoni, aliyezikwa mwaka 1974, alikuwa akikunja bandeji zile zile na kuzikunjua. Walipita barazani, ambako mzee mmoja alikuwa akihukumiwa kwa kuiba mbuzi. Amondi alieleza kwamba mzee huyo alihukumiwa mara nne kwa siku, na mara tano msimu wa wageni. Bwana wa Dar aliuliza kama aliiba kweli. Mzee akafungua mdomo, karani wa baraza akagonga meza, mzee akaufunga.

Ghala la pamba lilikuwa kituo cha tatu. Vumbi lake lilionekana tangu nje, likielea mlangoni. Wanawake kumi na wawili walikuwa wameketi nyuma ya kamba, na kila mmoja alikuwa na lundo mbele yake. Hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Getruda alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Alichukua pamba, akaitazama, akaitupa upande wake, akakohoa. Kikohozi chake Teodora alikijua tangu akiwa mtoto: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu kilichokuwa kikimwinamisha.

"Kina mama hawa waliipenda kazi yao," alisema Amondi. "Waliimba kutwa nzima."

Akapiga makofi mawili. Wanawake wakaimba wimbo wa kulima. Getruda alichezesha midomo tu. Enzi za uhai wake hakuimba hata kanisani. Alikuwa akisema mtu wa pamba akifungua mdomo anakula vumbi, na vumbi halishibishi.

Teodora akasogea hadi kwenye kamba.

"Shikamoo mayu."

Getruda akainua macho. "Marahaba. Umekata tiketi?"

"Nimekata."

"Basi tazama, kisha uende. Wenzako wanasubiri."

"Mayu, ni mimi Teodora."

"Nakujua. Nilikufa kifua, sikufa macho."

Akarudi kwenye pamba yake. Kikohozi kikamshika tena, akainama hadi paji la uso likagusa lundo. Teodora akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakirusha juu ya kamba kikaangukia magotini kwa mama yake.

"Funga pua," alisema.

Amondi akakinyanyua kwa ncha ya fimbo na kumrudishia. "Dada, samahani. Wakati ule hawakuwa na vitambaa usoni."

"Walikuwa navyo. Cha huyu nilikuwa nakifua mimi kila Jumapili."

"Kwenye picha za kumbukumbu hawanavyo."

"Mpiga picha alituambia tuvue," alisema Getruda bila kuinua kichwa. "Alitaka tuonekane tunacheka."

Mzungu mmoja aliomba atafsiriwe. Amondi alimwambia kwamba mama anasema karibuni sana.

Teodora alitaka kupita makaburini, ambako jirani na kaburi la mama yake lilikuwapo la Suzana, binti wa Teodora mwenyewe, aliyefariki kwa surua mwaka 1986 akiwa na miaka sita. Makaburi hayakuwa kwenye ratiba ya wageni. Walipelekwa hotelini wakala wali na samaki, na saa nane wakapelekwa uwanja wa nyuma kuona maisha ya nyumbani. Huko, kwenye kinu, akitwanga mtama, alikuwa Getruda tena, safari hii akiwa na kaniki kiunoni na pamba bado nyweleni. Alitwanga, akapumzika akiwa ameshikilia mchi, akatwanga.

"Wengine wana kazi ngapi?" Teodora alimwuliza Amondi.

"Moja kila mtu."

"Mbona huyu ana mbili?"

"Aliomba mwenyewe."

Teodora alimtazama mama yake kwa muda. Getruda alimwona akimtazama, akamgeuzia mgongo pamoja na mchi wake.

Ofisi ya kampuni ilikuwa katika nyumba ya zamani ya meneja wa kiwanda. Mwekezaji mwenyewe, Bwana Machibya, alimpokea vizuri, akamwekea kiti. Alikuwa mwenyeji wa huko huko ng'ambo ya Busisi, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi sawasawa. Alimweleza kwamba aliishi Marekani miaka kumi na moja, katika mji mdogo wa kale kando ya mto. Watu walitoka mbali kwenda kuutazama mji huo. Waliangalia jela ya zamani, duka la zamani, na wanawake waliovaa magauni ya zamani wakitengeneza mishumaa. Jioni wanawake hao walivua magauni, wakaingia kwenye magari yao, wakaenda kwao.

"Kasoro niliyoiona ni hapo," alisema. "Hawakuwa wenyewe. Hapa ni wenyewe."

"Mama yangu alifariki."

"Ndiyo, tunayo tarehe." Alifungua jalada. "Mkataba unasema mji wa Nyabusenga pamoja na vyote vilivyomo, juu ya ardhi na chini ya ardhi. Wanasheria waliona marehemu wanaingia kwenye mali isiyohamishika. Hata hivyo tuliomba ridhaa ya kila familia, kwa heshima tu. Ya kwenu hii hapa."

Sahihi ilikuwa ya Ngosha. Aliandika jina lake lote, kwa mwandiko wa darasa la saba, na herufi ya mwisho ilitoka nje ya mstari.

"Nataka kumwondoa," alisema Teodora.

"Hatumzuii mtu. Ukileta kibali cha wilaya cha kuhamisha kaburi, njoo Jumatatu tukiwa tumefunga. Sisi tunachotakiwa ni kuwa na wachambuzi wa pamba kumi na wawili. Ndivyo tulivyowaahidi wanaotuletea wageni."

Alimpigia saluti kidogo kwa vidole viwili na kumsindikiza hadi mlangoni.

Langoni Ngosha alikuwa akifagia vipande vya tiketi. Teodora alisubiri watalii wapite.

"Ulimuuza mama."

"Nilitia sahihi," alisema Ngosha. "Kuuza ni kitu kingine."

"Ulimwuliza?"

Ngosha akauegemeza ufagio ukutani. "Wewe ulimwuliza, ulipokwenda kushona Mwanza ukaniachia miezi minane? Nani alimwogesha? Nani alimshikia kopo akitema damu? Ulikuja siku ya mazishi umevaa kitenge kipya, ukalia kwa sauti kuliko wote, kesho yake ukapanda gari. Nilimwogesha mimi. Nikatia sahihi mimi."

"Kwa buti?"

"Kwa kazi. Nina watoto watano, kiwanda kimefungwa. Ulitaka nitie sahihi wapi?"

Teodora alitamani kumpiga, na kwa kuwa hakuweza alinyakua ule mkate aliopokonywa wakati wa kuingia, uliokuwa juu ya kiti, akaondoka nao. Hadi kivukoni alikuwa hajauma hata kidogo.

Kibali kilimchukua wiki saba. Katika ofisi ya wilaya kulikuwa na karani mmoja wa ardhi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila alipofika alimkuta akitafuta fomu. Mara ya kwanza karani alisema fomu za kuhamisha makaburi zinahitaji barua ya kanisa. Mara ya pili aliuliza kama marehemu ana ajira kwa sasa. Teodora alisema anayo. Karani akasema basi itahitajika pia barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba Jumatatu ni siku yake ya mapumziko. Bwana Machibya aliiandika barua hiyo siku hiyo hiyo, kwa taipu, bila kosa lolote. Mara ya tatu karani aligonga muhuri. Kibali kilimruhusu Teodora kuhamisha mwili mmoja, wa Getruda, kwenda makaburi ya kanisa, Usagara.

Jumatatu ya pili ya Septemba alikwenda na wanawake sita wa jumuiya yake, Gladness akiwa mmoja wao. Walikodi pikapu, wakapakia majembe, shuka nyeupe, na jeneza jipya la mninga ambalo fundi alilipunguza urefu kwa sababu Getruda alikuwa mfupi. Ngosha alisoma kibali mstari kwa mstari, akakishika juani kuutazama muhuri, akafungua lango. Wakati pikapu ikipita, alivua kofia, akaivaa tena.

Makaburini walikuwapo wengi. Jumatatu marehemu walikaa kila mtu kwenye kaburi lake. Mganga Antoni alikuwa akinyoosha vidole vilivyokakamaa kwa bandeji. Yule mzee wa mbuzi alikuwa amelala chali, kofia usoni. Wanawake wawili wa ghalani walikuwa wametandaza magauni ya kampuni kwenye nyasi yakauke, na walipowaona wageni wenye majembe waliyakusanya haraka wasije wakayakanyaga. Hakuna aliyesalimia wa kwanza. Wanawake wa jumuiya waliwasalimia wote kwa zamu, shikamoo, shikamoo, wakaitikiwa.

Getruda alikuwa ameketi ukingoni mwa kaburi lake, akitoa nyuzi za pamba nyweleni. Pembeni yake lilikuwa kaburi dogo la Suzana. Lilikuwa limepaliwa, limezungushiwa mawe ya ziwani yaliyopangwa kwa ukubwa.

"Mayu, tumekuja," alisema Teodora. "Nina kibali."

"Nani atakaa pale kwangu?"

"Watajua wenyewe."

"Wanajua tayari." Getruda alitupa uzi wa pamba. "Wanataka kumi na wawili. Akitoka mtu, anaamshwa mwingine wa ukoo huo huo, kaburi la karibu. Imeandikwa. Ngosha hakusoma hadi huko, naye asingeelewa."

Teodora akatazama kaburi dogo.

"Walikuja mwaka jana na orodha," aliendelea Getruda. "Walitaka watoto wa kuokota mbegu za pamba, kwa sababu Wazungu wanapenda kupiga picha watoto. Jina la kwanza lilikuwa lake. Nikawaambia, mtoto huyu hajui kazi, alikufa hajashika hata jembe. Kazi yake nipeni mimi. Asubuhi nafanya yangu, mchana nafanya yake. Wakaona nafuu, wakanibadilishia ikawa kutwanga."

"Mbona hukuniambia, siku ile?"

"Ningekuambia vipi na yule mwenye fimbo amesimama? Angejua kwamba wewe, mama wa mtoto, upo, ungeletewa karatasi nawe utie sahihi." Alikohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu. "Nilikuwa nakufukuza. Wewe hufukuziki."

Gladness na wenzake walikuwa wamesimama hatua chache nyuma, majembe mabegani. Mmoja wao alianza kulia, akaona hakuna mwingine anayelia, akaacha.

"Tutawachukua wote wawili," alisema Teodora. "Leo hii. Tuna shuka, jeneza linatosha, mtoto ni mdogo."

"Kibali kinasema wangapi?"

"Nitakwenda kutafuta kingine."

"Hata ukileta kumi. Ukichimba, anaamka. Sisi wote tuliamka kwa jembe, walipokuja kupima mipaka. Na anayeamka anahesabiwa, hapa au Usagara, popote. Mimi ni wa kuhesabiwa, basi, nimezoea kuhesabiwa tangu enzi za Mhindi wa kiwanda. Yeye tangu tumlaze hajaamka hata siku moja. Yuko na ile homa yake, anadhani kesho itashuka."

Teodora akapiga magoti kwenye nyasi. Hakugusa mawe. Alikuwa na mambo mengi ya kusema, kuhusu ile miezi minane, kuhusu kitenge kipya, na sababu ya kutokuja tangu mwaka 1990. Alianza na la mwisho, na sauti ikamtoka kubwa, ya kupasuka, hadi yule mzee wa mbuzi akaondoa kofia usoni.

Getruda akamfinya mkono kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfinya kanisani.

"Punguza sauti," alisema. "Amelala."

Teodora akakaa pale kama nusu saa, mkono wake ukiwa bado umefinywa. Kisha Getruda akauachia, akamwambia aende, wenzake wanachomwa na jua. Wanawake wa jumuiya walivua viatu, wakayabeba majembe kwa kuyakumbatia yasigongane, wakapita kati ya makaburi kwa vidole vya miguu hadi kwenye pikapu. Dereva alitaka kuwasha gari. Walimkataza, wakalisukuma wenyewe hadi langoni.

Ngosha alitazama ndani ya jeneza, kama alivyotakiwa kumpekua kila anayetoka, akakuta shuka peke yake. Akaandika kwenye daftari kwamba hakuna kilichotoka. Teodora alimwambia majani ya kaburi dogo yataota tena mvua zikianza, ayang'oe kwa mkono, asitumie jembe. Ngosha akasema amesikia.

Kivuko kilikuwa kimejaa watu wa mnada na ng'ombe wao. Walipoona pikapu yenye jeneza, wenye ng'ombe waliwavuta pembeni, na wanaume wakavua kofia. Kesho yake ilikuwa Jumanne, ghala lingefunguliwa saa tatu. Bibi mmoja mwenye kapu la dagaa alisogea karibu na kumwuliza Teodora ni nani aliyefiwa.

"Mimi," alisema Teodora. "Ni mama yangu."

"Pole sana, mwanangu. Amefariki lini?"

Teodora alifikiri. Gladness alimwangalia asijue atasema nini.

"Bado," alisema.

Bibi akatikisa kichwa, akampa mkono. Nyuma yake walikuwa wamekwisha kujipanga wengine, na Teodora alipokea pole zao, mmoja baada ya mwingine, hadi Kigongo.